Picha za kupima saizi ya kokoto: rundo, tipa, konveya au turubai?

Anayeanza kupima kokoto kwa picha, yaani kuipiga picha na kuiachia programu ya kompyuta ikadirie saizi za mawe, huuliza kwanza anunue kamera gani. Mimi ningeliweka swali hilo la tatu au la nne. La kwanza ni wapi ataikamata kokoto yenyewe: ikiwa rundo uwanjani, ikiwa ndani ya tipa, ikipita kwenye konveya (mkanda wa kusafirishia mawe), au ikiwa ameitandaza kwa mkono wake juu ya turubai. Ukikosea hapo, kamera ya mamilioni itakupa jibu la uongo, tena lenye desimali mbili na grafu ya rangi ya kumpelekea bosi.

Nalinganisha njia hizi nikiwafikiria watu wa Dar es Salaam wa aina tatu: anayepokea kokoto za machimbo ya Lugoba au Kunduchi saiti, mwenye kiwanda kidogo cha matofali ya saruji kule Tegeta au Mbagala, na msimamizi wa krasha (mashine ya kuvunja mawe) anayetaka kujua mashine yake inatoa nini kabla mteja hajaanza kulalamika. Mahitaji yao hayafanani, kwa hiyo sitawapa jibu moja.

Programu inaona nini hasa

Programu ya WipFrag ilianzia Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Split ilizaliwa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani. Zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya migodi, kupima mawe yaliyovunjwa kwa baruti, na zote ni za kulipia. ImageJ ni ya bure, imetoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na iliwalenga watu wa hadubini, lakini haibagui: chembe ni chembe, iwe ya damu au ya jiwe.

Kazi yao ya msingi ni moja. Programu inatafuta kivuli chembamba kati ya jiwe na jiwe, inachora mpaka kuuzunguka uso wa kila jiwe, halafu inakisia ukubwa na uzito kutokana na eneo lililo ndani ya mpaka huo. Ikikosea, hukosea kwa namna mbili. Inaweza kuunganisha mawe madogo kadhaa yakawa jiwe moja, au kulipasua jiwe moja kubwa vipande vipande kwa sababu ya mstari wa rangi au mng'ao. Makosa haya ni ghali kuliko yanavyoonekana kwa macho, kwa sababu uzito hukua kwa mchemraba: jiwe la milimita 40 lina uzito wa mawe 64 ya milimita 10 yenye umbo kama lake. Mawe makubwa matatu yaliyopasuliwa kimakosa yanatosha kuuhamisha mchanganyiko wote wa saizi.

Kwa hiyo picha nzuri kwa kazi hii ni ile ambayo kila jiwe lina ukingo unaosomeka, kipimo kinajulikana, na mawe yaliyomo yanawakilisha mzigo. Uzuri wa macho hauhusiki. Nimeona picha za kupendeza kabisa, jua la jioni limeipaka kokoto dhahabu, ambazo programu haikupata chochote cha maana.

Chekeche bado lina kazi yake

Niliseme hili mapema ili asiwepo atakayeuza seti yake ya machekeche. Mwongozo wa vipimo vya maabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 2000 unapima mgawanyo wa saizi kwa chekeche, na mhandisi mshauri wa barabara atakudai karatasi ya chekeche. Vumbi lililo ndani ya kokoto, lile linalopita tundu la mikroni 75 na kunywa maji ya zege, picha haiwezi kuliona kabisa. Linaonekana kama rangi tu.

Picha inashinda kwenye mambo mawili. Inakupa vipimo vingi kwa siku moja, wakati chekeche linadai sampuli, kukausha, kutikisa na mizani. Na inapima mawe ambayo hakuna chekeche la maabara litayabeba, kama yale ya nusu mita yanayosubiri kuingia kwenye taya za krasha. Mpangilio ninaoupenda ni picha za kila siku, na chekeche mara kwa mara kuzisahihisha.

Rundo uwanjani: rahisi kupiga, rahisi kudanganywa

Hapa ndipo wengi wanaanzia, kwa sababu rundo limekaa tu linakungoja. Tatizo lake la kwanza ni kwamba kokoto hujipanga yenyewe wakati wa kumwagwa. Tazama tipa inapoinua bodi: vumbi linatangulia, kokoto inashuka kama kitu kimoja, kisha yale makubwa yanajitoa kwenye kundi na kubiringika hadi chini kabisa, mengine yanakugonga kiatu. Madogo yanabaki juu na katikati. Ukipiga chini ya rundo utasema mzigo ni mkubwa mno, ukipiga kileleni utasema ni mdogo, na picha zote mbili zitakuwa za kweli.

La pili ni pembe. Kokoto iliyomwagwa hulala kwa mteremko wa nyuzi 35 hadi 40 hivi. Ukisimama chini na kuelekeza simu mbele yako sawa na kifua, unalitazama rundo kwa mshazari. Kwa mteremko wa nyuzi 37, kipimo cha jiwe kuelekea juu ya rundo kinaonekana asilimia 60 tu ya kilivyo, maana yake kokoto ya milimita 20 inasomeka 12 upande huo. Hakuna kamera inayotibu jambo hili kwa bei yoyote. Linatibiwa na fimbo ya selfi: unaiinua simu juu ya kichwa, unaiinamisha mpaka iutazame mteremko uso kwa uso, kisha unapiga kwa kuchelewesha sekunde chache au kwa kitufe cha mbali.

Kama kuna kijiko au loda uwanjani, mwombe opereta akate rundo katikati, upige ule uso mpya uliokatwa. Hapo unaona tumbo la rundo, si ngozi yake. Usisogelee ukuta wa kokoto uliokatwa wima. Unaporomoka bila kuaga.

La tatu ni tabia yetu wenyewe. Mtu akiambiwa "kapige picha ya rundo" atachagua mahali panapopendeza. Panga sheria kabla ya kufika: kwa mfano, theluthi ya chini, ya kati na ya juu, pande mbili zinazotazamana, basi. Picha sita zilizopangwa namna hiyo nazithamini kuliko thelathini zilizopigwa kwa kuzurura.

Tipa: picha ya juu ya mzigo haina thamani

Niwe mkali hapa. Picha ya kokoto ikiwa bado ndani ya bodi, iliyopigwa kutoka juu, usiitumie kupimia chochote. Mzigo wa Lugoba umetikiswa tangu ng'ambo ya Chalinze hadi getini kwako. Vumbi na chembe ndogo zimezama, makubwa yamepanda juu. Na kama kuna mpakiaji mjanja aliyemalizia na makoleo mawili ya kokoto safi kupamba, ndizo utakazozipiga.

Wakati wa kumwaga ni afadhali. Mwombe dereva amwage kwa awamu tatu, upige baada ya kila awamu gari likiwa limesimama na bodi imetulia. Awamu ya mwisho ndiyo inayotoa siri, kwa sababu vumbi la sakafuni linatoka mwishoni. Ubaya ni kwamba madereva hawapendi kamera. Utasikia:

"Injinia, mbona unapiga namba ya gari?"

"Hapana kaka, napiga mawe tu. Njoo uone."

Mwonyeshe skrini kweli. Dereva anayedhani unamripoti mahali atamwaga mzigo wote kwa mkupuo mmoja na kuondoka, na sampuli yako itakuwa imeishia hapo. Simama ubavuni, mbali na nyuma ya gari, na uangalie nyaya za umeme juu kabla bodi haijainuka.

Kwa mpokeaji wa saiti, picha za tipa zina faida moja ambayo njia nyingine hazina: zinamfungamanisha muuzaji na mzigo fulani, siku fulani. Kama ushahidi wa mabishano ni nzuri. Kama kipimo ni za daraja la pili.

Konveya: bora kwa krasha, usumbufu kwa wengine wote

Mwenye krasha asipoteze muda na marundo. Mkanda unampitishia mzigo wote, kidogo kidogo, umbali kutoka kamera haubadiliki sana, na pembe ni ile ile usiku na mchana. Ukishaifunga kamera juu ya mkanda, ikitazama chini wima, umeondoa nusu ya matatizo niliyoyataja.

Yanabaki mengine. Mwendo ni la kwanza. Mkanda ukitembea mita 2 kwa sekunde, picha ya 1/250 ya sekunde inalivuta jiwe milimita 8, na ukingo wake unakuwa moshi. Kwa 1/2000 inabaki milimita 1, ambayo kokoto ya robo tatu (robo tatu ya inchi, milimita 19 hivi) inaivumilia. Lakini kasi hiyo inadai mwanga mwingi, na hapo unakutana na taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei ya chini hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera ya kasi inaona: picha moja ina mwanga, inayofuata imezama gizani. Tafuta taa za LED zenye draiva nzuri, yaani kifaa cha kuzilisha umeme usiopanda na kushuka, uziweke mbili, ubavuni mwa mkanda, zimulike kwa mshazari ili kila jiwe liwe na kivuli kifupi. Paa dogo la bati juu ya eneo la picha linazuia jua lisiingilie mchana.

Vumbi ni la pili. Lenzi itafunikwa. Hilo linahitaji mtu mwenye jukumu la kuifuta kwa ratiba, au mrija wa hewa mbele ya kioo. Wanaoiacha kamera peke yake huona krasha yao ikizalisha kokoto kubwa zaidi kila siku. Ni kioo tu kinachochafuka na mawe madogo kupotea.

La tatu halina dawa kamili: mtikisiko wa mkanda unazamisha chembe ndogo chini na kuacha makubwa juu, kama mchele mzima unavyopanda juu ya chenga kwenye ungo. Kamera itaona makubwa kuliko yaliyopo. Dawa ya kati ni kusimamisha mkanda, kufunga umeme kwa kufuli ili asije mtu kuuwasha, kukata kipande chote cha mzigo kwa upana wa mkanda hadi kwenye mpira, na kukipeleka kwenye chekeche. Tofauti kati ya chekeche na picha ya kipande kile kile ndiyo marekebisho utakayoingiza kwenye programu. Yafanye upya ukibadilisha jiwe au taya.

Video ya simu inawavutia watu hapa. Fremu iliyokatwa kwenye video ya 1080 ina pikseli 1920 tu kwa upana, na simu imejichagulia kasi yake. Siipendekezi.

Turubai: njia ninayompa mwenye saiti

Kama wewe ni mnunuzi na huna krasha, hii ndiyo yako. Chukua sampuli kutoka sehemu kadhaa za rundo, ukiondoa kwanza tabaka la juu. Changanya, gawanya mafungu manne, bakiza mawili yanayotazamana, rudia mpaka upate uzito unaoutaka. Kiwango cha Marekani cha chekeche, ASTM C136, kinadai angalau kilo 5 kwa kokoto ya milimita 19 na kilo 15 kwa ya milimita 37.5. Nazitumia namba hizo hizo kwa picha.

Kisha tandaza kokoto juu ya turubai la rangi moja isiyong'aa, nyeusi au bluu ya kukolea, zisigusane. Hapo ndipo njia hii inapoziacha nyingine mbali. Jiwe likikaa peke yake na giza limelizunguka, programu haihitaji kukisia mpaka. Ukingo wote unaonekana, hakuna lililofichwa na jirani yake, na ImageJ ya bure inamaliza kazi kwa amri chache. Unalipia kwa mgongo na dakika ishirini za kuchuchumaa. Vijana wawili wa saiti wanaifanya vizuri wakielezwa sababu. Wasipoelezwa wataacha mawe yamepandana.

Ina kasoro mbili. Jiwe bapa likitandazwa hulala kwa tumbo, kwa hiyo unaona urefu na upana wake, kamwe si unene. Kokoto zenye bapa nyingi zitasomeka nzito kuliko zilivyo. Na sampuli ni ndogo: kilo 5 zinasemea tipa nzima, na kama uliichota vibaya hakuna picha itakayoikomboa.

Chembe za chini ya milimita 5 usizitandaze. Zipitishe kwenye chekeche moja la tundu hilo, zipime kwa mizani, uandike uzito pembeni.

Droni: kwa mawe ya baruti tu

Droni ya kawaida ya megapikseli 20 ikiwa mita 30 juu inaona takribani milimita 8 kwa kila pikseli moja. Kokoto ya robo tatu hapo ni pikseli mbili au tatu, yaani si kitu. Jiwe la milimita 300 lililotoka kwenye mlipuko ni pikseli karibu 37, na hilo linapimika vizuri sana. Kwa hiyo droni ni ya machimboni, kwenye rundo la mlipuko ambalo ni hatari kulipanda kwa miguu. Ukiishusha sana ili uone kokoto, upepo wa panga zake unainua vumbi na kujifungia macho. Kuna pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kabla ya kuirusha. Kwa mpokeaji wa tipa tatu kwa wiki, sahau.

Sasa ile kamera

Simu nyingi za leo hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Hesabu unayohitaji ni hii tu: gawanya upana wa eneo unalolipiga kwa 4000. Ukipiga mita 2, kila pikseli ni nusu milimita, na kokoto ya milimita 5 inapata pikseli 10. Mimi sikubali jiwe dogo kabisa ninalolipima liwe chini ya pikseli 10; likifika 20 nalala usingizi. Ukirudi nyuma mpaka fremu ikameza mita 6 za rundo, kokoto za nusu inchi zinabaki na pikseli 8, na programu itaanza kuziunganisha.

Muuzaji wa Kariakoo atakutajia megapikseli 108. Simu nyingi za namna hiyo hukusanya pikseli tisa kuwa moja na kukuhifadhia picha ya megapikseli 12, kwa hiyo fungua picha yenyewe uangalie vipimo vyake. Kinachonishughulisha zaidi ni lenzi. Ile pana ya 0.5 inapinda pembezoni mwa picha, usiiguse. Tumia ya kawaida, au ya 2 kama ni lenzi halisi. Kuvuta kwa vidole hakuongezi kitu. Kunakuza pikseli zile zile.

Kamera yenye lenzi ya kubadilisha inaizidi simu pale unapohitaji kasi ya shata (zile 1/250 au 1/2000 ya sekunde) unayoichagua mwenyewe, yaani kwenye konveya, au unapopiga rundo la mlipuko kutoka mbali salama. Kwa turubai na rundo dogo sioni sababu ya kuinunua. Fedha hiyo inunue fimbo, stendi, turubai na mizani nzuri.

Zima urembo wote wa simu: hali ya usiku, vichujio, kunoa kupita kiasi. Zima na flashi. Inamulika kutoka pale pale lenzi ilipo, inafuta kile kivuli chembamba ambacho programu inakitafuta.

Mwanga wa Dar

Mji uko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita na nusu mchana linakaa juu mwaka mzima. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba linapita utosini kabisa. Kwa rundo, jua hilo kali linaunguza uso wa jiwe na kuacha mashimo meusi katikati ya mawe. Kwa turubai ni baya zaidi: ukiinama kupiga kutoka juu, kivuli chako mwenyewe kinaingia kwenye fremu. Jua la saa kumi na moja jioni nalo linavuta vivuli virefu, na jiwe dogo likiangukiwa na kivuli cha kubwa limepotea.

Mawingu ndiyo taa bora usiyoilipia. Asubuhi za masika, mvua ikiwa imenyamaza na mawe yamekauka juu, unapata picha safi bila kuhangaika. Siku ya jua tafuta kivuli kizima: ukuta, ubavu wa kontena, turubai la pili likishikwa na watu wawili. Kivuli cha mwembe usikitumie hata kama ndiko watu wamekaa. Madoa ya jua yanayopenya majani yanachora kingo za uongo juu ya kila jiwe, na programu inazifuata zote kwa utiifu.

Jiwe nalo lina tabia

Kokoto za Kunduchi ni chokaa ya matumbawe, nyeupe. Juani zinawaka hadi mpaka kati ya mawe mawili unatoweka. Gusa skrini kwenye kokoto, kisha telezesha kile kijua kidogo chini mpaka uone tena matundu kwenye uso wa jiwe. Picha itaonekana nyeusi kidogo kwa macho yako, na hiyo ndiyo unayoitaka. Za Lugoba ni ngumu, za kijivu, nyingi zina mistari ya rangi mbili na vijichembe vinavyong'aa. Tatizo lake ni kinyume: mistari inasomwa kama nyufa na jiwe moja linahesabiwa mawili matatu. Zikiloa maji mng'ao unazidi. Mwanga laini unasaidia, lakini mara nyingi itakubidi upitie mchoro wa programu kwa mkono na kuunganisha vilivyopasuliwa. Tenga muda huo kwenye mipango yako. Wauzaji wa programu hawautaji.

Kokoto iliyofunikwa vumbi jingi ina ubishi wa aina yake, maana kila kitu kina rangi moja. Kuinyunyizia maji kidogo na kusubiri mng'ao ukauke kunarudisha kingo. Usiioshe kwa mpira wa maji kama bado hujachukua sampuli ya chekeche, kwa sababu vumbi hilo ni sehemu ya mzigo uliouziwa.

Kitu cha kipimo: mpira, karatasi au rula?

Picha isiyo na kitu chenye ukubwa unaojulikana ni picha tu. Rula ndiyo ya kwanza kufikiwa na mkono na ndiyo dhaifu kuliko zote kwenye mteremko, kwa kuwa ikilala vibaya inafupika na huna namna ya kujua. Mpira unaonekana duara kutoka pembe yoyote. Weka miwili, mmoja chini ya fremu na mwingine juu, ili programu ijue kipimo kinavyobadilika kadiri rundo linavyokwenda mbali. Kwa kokoto, mpira wa tenisi ya meza wa rangi ya chungwa unafaa sana: milimita 40 hivi. Upepo wa Kunduchi utauchukua, kwa hiyo uchome msumari na uuzamishe kati ya mawe bila kuuficha. Kwa rundo la mlipuko tumia mpira wa miguu namba 5, ambao ni sentimita 22 hivi. Pima wako, kwa sababu uliopungua upepo si sentimita 22 tena.

Karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297, ina kazi moja ambayo mpira hauiwezi: inakushtaki pembe yako. Igandishe kwenye kipande cha plaiwudi, ilaze kwenye mteremko upande mrefu ukielekea juu. Kwenye picha urefu ugawanywe kwa upana. Ukipata 1.4 umelitazama rundo uso kwa uso. Ukipata 1.1, inua fimbo na urudie. Karatasi nyeupe juani huwaka, basi tafuta ya kijivu au ipake rangi. Kwenye turubai, ambako unapiga wima, A4 moja pembeni inatosha na mpira hauhitajiki.

Kutuma

Kazi nyingi nzuri hufia WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, pikseli zake hupunguzwa, na hesabu yote ya nusu milimita kwa pikseli huvurugika bila mtu kugundua. Itume kama dokumenti, au ihamishe kwa waya. Usiikate pembeni kabla ya kuituma, maana mpira wa kipimo ndio unaokatwa kwanza. Na lipe faili jina kabla hujaondoka pale ulipo: tarehe, jiwe la wapi, saizi uliyouziwa, awamu ya tipa au sehemu ya rundo. "IMG" yenye tarakimu nane haitamsaidia mtu wa ofisini siku muuzaji atakapokuja na picha zake.